Nondo Tatu Zilizopungua

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda sawasawa, Timazi alikuwa amekwisha kunywa chai na kufunga kamba za viatu vyake vya kazi. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na mafundi wenzake. Timazi ni ule uzito mdogo unaoning'inizwa kwenye uzi ili kuona kama ukuta umenyooka. Fundi huyu hakupanga tofali tatu bila kuning'iniza timazi yake.

"Huyu hata kitanda anakipima kabla ya kulala," walimtania.

Naye alicheka pamoja nao, kisha akaendelea kupima.

Mkewe alikuwa mfumaji wa sweta za shule. Mashine yake ya kufumia ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na nyuzi za bluu zilijaa kila pembe. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili vilivyokamilika. Cha tatu hakikuwa na ukuta wa nyuma. Palizibwa kwa mabati mawili na turubai, na upepo ukivuma, turubai lilipiga makofi. Basi binti yao wa darasa la tano alilala sebuleni, kando ya rundo la sweta.

Mwaka huo Timazi alipata kazi nzuri karibu na nyumbani. Halmashauri ilikuwa inajenga daraja la waenda kwa miguu. Mto ulitenganisha mtaa wao na upande wenye shule, soko na zahanati. Mvua kubwa ikinyesha, mto ulifurika. Siku hizo watoto hawakwenda shule, na mgonjwa alingoja maji yapungue. Wapo waliongoja wasipone.

Penye lango la kazi kulikuwa na ubao mkubwa wenye maandishi mengi. Timazi hakuwahi kuusoma. Aliupenda kwa sababu ulikuwa na msumari mzuri wa kutundikia koti.

Kazi ilianza vizuri. Nguzo mbili za kwanza zilitiwa nondo nane nene kila moja, kama mchoro ulivyoagiza. Ikafika zamu ya nguzo ya tatu. Hii ilikuwa ya katikati ya mto, mahali ambapo maji yana nguvu kuliko pote.

Siku hiyo Timazi alikuta nondo zimekwisha kufungwa, tayari kwa kumwagiwa zege. Akazihesabu. Akazihesabu tena. Zilikuwa tano.

Alimwendea msimamizi wa kampuni, mtu mwenye sauti nene ambaye wote walimwita Nyapara.

"Mkuu, pale zinapungua nondo tatu."

"Zinapungua kwa nani?"

"Kwa mchoro."

Nyapara alicheka na kumshika bega. "Fundi, zege likishakauka, nani ataona ndani? Wewe kazi yako ni kumwaga, si kuhesabu."

"Na mhandisi wa halmashauri akija kukagua?"

"Ameshakagua. Ametia saini jana, ofisini kwake."

Zege likamwagwa. Timazi alishika koleo kama wenzake, lakini mikono ilikuwa mizito. Saa kumi jioni aliona gari dogo la mizigo likitoka langoni. Nyuma yake nondo zilichungulia chini ya magunia.

Kesho yake Nyapara alimwita pembeni.

"Nimesikia nyumba yako haina ukuta wa nyuma."

"Ni kweli, mkuu."

"Fundi mzuri kama wewe! Leo utaletewa mifuko kumi ya saruji. Mkono mtupu haulambwi, na mimi sitaki ubaki mkono mtupu."

Timazi alijua jibu la kutoa. Lilikuwa neno moja tu. Lakini akilini alimwona bintiye amejikunyata kando ya sweta, akasikia turubai likipiga makofi. Akanyamaza. Nyapara alikuwa mzoefu. Alijua kunyamaza ni nusu ya kukubali.

Jioni mifuko ilipopangwa uani, mkewe aliacha kufuma akatoka kuitazama. Alizunguka rundo lile mara mbili.

"Mume wangu, umenunua saruji?"

"Nimepewa. Ni mabaki ya kazini."

"Daraja halijafika hata nusu. Mabaki yametoka wapi?"

Timazi aliinama kufungua kamba za viatu. Zilimchukua muda mrefu siku hiyo.

"Nakuuliza wewe, mume wangu."

Ndipo akamweleza yote. Nondo tano badala ya nane. Saini iliyotiwa ofisini. Gari la jioni. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza. Timazi alipomaliza, mkewe aliuliza swali moja.

"Daraja hilo likiisha, atakayepita juu yake kila asubuhi ni mtoto wa nani?"

Hakungoja jibu. Alichukua khanga yake na kutoka. Baada ya muda mfupi alirudi na jirani yao, Bibi Posta.

Bibi Posta alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu. Alifanya kazi posta maisha yake yote, na tangu astaafu alikuwa anasoma kila kilichoandikwa, hata karatasi za kufungia vitumbua. Kwa sababu hiyo wakazi walimchagua kwenye kamati ya wananchi ya kufuatilia mradi. Kamati yenyewe ilitakiwa iwe na watu saba. Siku ya uchaguzi walitokea watatu.

Aliketi juu ya mfuko mmoja wa saruji, akavaa miwani. "Haya, mwanangu. Nieleze kama unavyomweleza daktari. Usifiche kidonda."

Timazi alieleza mara ya pili. Mara hii ilikuwa rahisi kidogo.

"Tatizo, Bibi," alimalizia, "hizo fedha si zetu. Ni za wafadhili wa nje. Wakubwa wanakula cha mgeni, sisi tutasema nini?"

"Umeusoma ule ubao langoni?"

Timazi aliona haya. "Natundikia koti."

Mkewe aliangua kicheko, na Bibi Posta naye.

"Basi ungeinua koti ungeona," alisema Bibi Posta. "Ubao unasema daraja linajengwa kwa mkopo. Mkopo, si sadaka. Serikali imekopa kwa benki ya kimataifa ya maendeleo. Na serikali hulipa kwa fedha gani?"

"Za kodi," alisema mkewe.

"Naam. Ukinunua sukari umelipa. Ukinunua sabuni umelipa. Nyuzi zako hizo za sweta umezilipia kodi. Na deni ni refu. Binti yenu akija kuwa na kazi yake, atakuwa bado analilipa. Sasa nguzo ikianguka, deni litaanguka nayo?"

"Hapana, litabaki."

"Ndiyo hivyo. Tutalipia daraja ambalo halipo. Kwa hiyo nondo zile si za mgeni. Ni zako."

Timazi alikuna kichwa. Hakuwahi kuliona jambo kwa upande huo.

"Lakini huyo mkopeshaji hajui kwamba tunaibiwa?"

"Anajua wizi upo duniani. Ndiyo maana mkopo wake huja na masharti. Zabuni itangazwe wazi, kampuni zishindane. Ubao useme nani anajenga, nini, na kwa muda gani. Wananchi wawe na kamati. Kuwe na wakaguzi wasiotoka katika kampuni. Na kuwe na dawati la malalamiko, ambalo mtu yeyote anaweza kuliendea. Kampuni ikithibitika imedanganya, inafungiwa. Haipati tena kazi inayolipwa na benki hiyo, hata ikihamia nchi nyingine."

"Kumbe! Basi watuletee hao wakaguzi."

"Taratibu. Mkopeshaji yuko mbali. Yeye hawezi kuona ndani ya zege. Aliyeona ni wewe. Masharti bila mtu wa kusema ni kama kengele bila mpigaji."

Mkewe akaleta maji ya kunywa.

"Nikisema nitafukuzwa," Timazi alisema polepole.

"Hofu yako ina msingi. Sitakudanganya kwamba haina. Lakini unaweza kuandika bila jina. Au unaweza kutoa jina kwa wakaguzi peke yao. Kanuni zinawakataza kulitoa kwa kampuni. Ukitoa jina, watakupata wakitaka kukuuliza zaidi."

Timazi aliomba karatasi.

Aliandika kwa herufi kubwa: *Nyapara ni mwizi.*

Bibi Posta alichungulia juu ya miwani. "Futa hilo."

"Si ni kweli?"

"Nani mwizi ataamua hakimu. Wewe andika ulichoona kwa macho yako. Siku gani, saa ngapi, nguzo ipi, nondo ngapi. Neno la hasira hubishiwa. Nondo tano hazibishiwi, zinahesabiwa."

Timazi alifuta. Akaandika upya, kwa uangalifu kama anapanga tofali. Siku. Saa. Nguzo ya tatu. Nondo tano badala ya nane. Gari la jioni. Kisha kalamu ikasimama.

"Na mifuko hii?" aliuliza.

Wanawake wale wawili walitazamana. Aliyejibu ni mkewe.

"Iandike."

"Nitaonekana na mimi mla rushwa."

"Utaonekana mtu aliyeirudisha. Ukiificha, ndipo utakuwa mmoja wao."

Akaandika: *Nilipewa mifuko kumi ya saruji. Sikuikataa. Ipo nyumbani kwangu, haijafunguliwa. Naomba ichukuliwe.* Yalikuwa maneno machache kuliko yote, na ndiyo yaliyomtoa jasho. Mwishoni akaweka jina lake, kwa macho ya wakaguzi peke yao.

Asubuhi Bibi Posta alivaa viatu vyake vya ofisi na kwenda mwenyewe kwenye dawati la malalamiko. Hakutoka mpaka alipopewa nambari ya kumbukumbu. "Barua isiyo na nambari imepotea," alisema. "Hayo niliyaona posta."

Wiki mbili zilipita. Wakaja wakaguzi watatu, wawili wanaume na mwanamke mmoja mwenye buti za mpira. Nyapara alikuwa amewakusanya mafundi mapema.

"Atakayefungua mdomo, kesho asije kazini," alisema.

Wakaguzi hawakumuuliza Nyapara kitu. Walimhoji kila mfanyakazi peke yake, hata mwanamke aliyeuza chai langoni, ili isijulikane nani kasema nini. Kisha yule mwenye buti alitoa mashine ndogo ya kutambua chuma ndani ya zege. Akaipitisha kwenye nguzo ya kwanza. Ikalia mara nane. Ya pili, mara nane. Mafundi wote waliacha kazi wakasimama kutazama. Akaingia mtoni hadi kwenye nguzo ya tatu.

Mashine ililia mara tano, ikanyamaza.

Alirudia mara tatu. Mashine haikubadili neno. Nyapara alianza kusema kitu kuhusu betri, lakini hata yeye hakukimalizia.

Saruji ilichukuliwa kimyakimya nyumbani kwa Timazi, ikaandikiwa stakabadhi. Mkopeshaji alisimamisha malipo. Kampuni iliondolewa na baadaye ikafungiwa. Nyapara na mhandisi aliyetia saini ofisini walifikishwa mahakamani.

Lakini kazi nayo ilisimama. Miezi minne Timazi hakuwa na kibarua cha maana. Familia ilikula sweta, kama mkewe alivyopenda kusema. Mtaani maneno yalizagaa.

"Kuna mtu ana domo refu," kinyozi wa mtaa alisema siku moja, kibanda chake kikiwa kimejaa wateja. "Sasa daraja hatuna. Si bora lile la nondo tano?"

Timazi alikuwa kwenye foleni. Angeweza kunyamaza, kwani jina lake halikutajwa. Akasimama.

"Bora kwa nani? Wewe ungempitisha mwanao juu yake mto ukiwa umejaa?"

Kinyozi alitazama mashine yake ya kunyolea. "Mwanangu? Hapana."

"Basi na wa mwenzio hapana."

Tangu siku hiyo Timazi hakuficha tena kwamba ndiye aliyeandika.

Kampuni mpya ilipatikana kwa zabuni ya wazi. Barua za bei zilifunguliwa mbele ya watu katika ukumbi wa shule, na Bibi Posta alikaa mstari wa mbele. Jambo la kwanza lilikuwa kubomoa nguzo ya tatu. Zege lilipopasuliwa, nondo tano zikatoka nje kila mtu akaziona. Timazi aliajiriwa tena, safari hii kama kiongozi wa mafundi.

Kabla ya kumwaga zege jipya, msimamizi mpya alifungua lango. "Karibuni," alisema. "Hesabuni wenyewe."

Watu waliingia kwa zamu, akina mama, wazee, hata kinyozi na aproni yake. Walihesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu..." Walipofika nane, Bibi Posta alitia saini pale pale mtoni, maji yakigusa viatu vyake vya ofisi.

"Mwageni," Timazi aliamuru.

Daraja lilimalizika kabla ya masika. Mvua za mwaka huo zilikuwa kali. Siku tatu mto uliunguruma na kubeba magogo, na magogo yaligonga nguzo ya tatu mchana na usiku. Nguzo haikutikisika. Siku ya nne muuguzi wa zahanati aliwaambia watu kwamba hakupata kuona foleni ndefu vile wakati wa mafuriko. Alisema kwa furaha, maana safari hii wagonjwa walikuwa wamefika.

Baada ya mvua, halmashauri iliita mkutano. Mkopo mwingine ulikuwa umepatikana, wa kupanua zahanati. Ofisa alisimama na karatasi yake.

"Tunahitaji watu saba wa kamati ya wananchi," alisema. "Najua ni kazi ya kujitolea. Tukipata hata watatu, nitashukuru. Nani yuko tayari?"

Viti vilikwaruza sakafu. Ofisa aliinua macho. Watu zaidi ya arobaini walikuwa wamesimama.

"Ah!" alisema. "Basi itabidi tupige kura."

Timazi naye alikuwa anainuka. Mkono ulimvuta shati, akarudi chini. Mkewe alikuwa amesimama kando yake, kidevu juu.

"Kaa, mume wangu," alisema. "Safari hii nahesabu mimi."