Stesheni Isiyoshika Kwangu

"Nani huyo mke wako mtarajiwa?" nikamuuliza.

Mchumba wangu alisimama mlangoni, mfuko wa vipuri vya simu begani. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, namalizia gauni langu la harusi. Harusi yetu, Jumamosi.

"Si wewe? Maswali gani haya, hata salamu hakuna!"

"Salamu umeshatoa. Nimekusikia redioni."

"Acha utani wako! Ile stesheni hapa kwako haishiki!"

Nikaacha kushona.

"Stesheni ipi? Mimi sijataja stesheni."

Jamani, huyu ni fundi simu mwenye mdomo wa kukuuzia simu mbovu na ukamshukuru, lakini hapo alijifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa vipuri.

Ngoja niwaeleze. Mchana ule redio ya simu yangu ilikuwa inakwaruza tu, nami nataka moyo utulie na kipindi cha salamu. Nikakumbuka alivyonifundisha mwenyewe enzi ananitongoza: waya wa hedifoni ndio antena, usiukunje. Nikafungua mafundo yote, nikauchomeka mpaka mwisho, nikaunyoosha hadi dirishani na kuubana kwa kibanio cha nguo. Nikaweka sauti ya nje. Stesheni ya mbali ikaingia safi, utadhani mtangazaji amekaa kitandani kwangu. Na nani akapiga simu? Bwana harusi wangu!

"Namsalimia mke wangu mtarajiwa, muuza dawa wa pale stendi. Mpenzi, posa inakuja mwezi ujao."

Mimi siuzi dawa. Mimi nashona.

"Sauti za watu zinafanana," akasema.

"Na kicheko chako cha kijinga nacho kinafanana?"

"Una wivu wewe! Unatega waya dirishani kunichunguza?"

"Usinipandishie sauti nyumbani kwangu!"

Simu yake ikaita mkononi. Akaikata. Ikaita tena. Nikampokonya, nikaweka sauti kubwa.

"Mpenzi, asante kwa salamu! Mama kafurahi mpaka kalia."

"Dada, unaongea na mchumba wake. Tunaoana Jumamosi."

"Wewe si ndiye dada yake, fundi cherehani? Aliniambia Jumamosi anamwoza dada yake."

Mungu wangu! Mtu anakwenda kuoa, anaaga kwamba anakwenda kuoza!

"Ananisikia?" muuza dawa akauliza.

"Anakusikia vizuri."

"Wewe mwanaume, unamliza mama yangu kwa uongo? Usikanyage tena dukani kwangu!"

Akakata. Yule bwana akanigeukia, sauti imelainika ghafla.

"Mke wangu, umeona? Nimeshaachana naye."

"Kakuacha yeye, usijisifu."

"Sawa. Lakini watu tumeshawaalika. Utawaambia nini?"

Hapo ndipo aliponichoma. Nilikuwa nampenda, sifichi. Ndoa ile niliitaka kuliko kitu chochote. Mama alishashona sare, shangazi zangu walishafika, wako uani wanaosha masufuria. Alijua naogopa aibu, na aibu hiyo ndiyo aliyotaka inioze kwake.

Nikafuta machozi, nikafungua mlango wa uani.

"Mama! Shangazi! Njooni, mkwe wenu ana jambo la kuwaambia."

"Wewe, subiri kwanza..." akanong'ona.

Walishaingia, mikono ina povu. Shangazi mkubwa akavuta kiti, akakaa katikati ya mlango wa kutokea.

"Haya baba," akasema, "tunakusikiliza."