Mwalimu Advera na Wachumba Wake

Kila Ijumaa asubuhi Ruaa alikuwa na haraka kuliko watu wote wa nyumbani kwao Ipuli. Alifagia ua, akanywa chai kwa kusimama, akamuaga mama yake akiwa tayari mlangoni. Alikuwa darasa la sita, na tena alikuwa mhariri wa Klabu ya Kiingereza. Ijumaa ndiyo siku klabu ilipobandika habari za wiki kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi ya walimu. Ruaa alitunga habari, na rafiki yake Dionis, mwenye mwandiko wa kupendeza, alizinakili kwenye karatasi kubwa.

Wiki ile Mwalimu Advera, aliyewafundisha Kiingereza, aliwafunza maneno matano ya kumweleza mtu aliyezama katika jambo. "Absorbed" alilieleza kwa kitambaa: kinavyofyonza maji, ndivyo kitabu kitamu kinavyomfyonza msomaji, hata ukimwita asisikie. "Immersed" ni mtu aliyezama mzimamzima. "Engrossed" ni yule ambaye jambo limemteka akili, na "involved" ni aliyejiingiza akashiriki. Alipofika kwenye "engaged," kengele ililia. Akawahi kuandika "engaged in" na kusema kuwa ni mtu anayeshughulika na kazi fulani, na kwamba neno hilo lina maana nyingine ambayo wangeitazama Jumatatu.

Ruaa hakuweza kungoja Jumatatu. Habari ya kulitumia neno hilo alikuwa nayo. Kwa mwezi mzima Mwalimu Advera alikuwa akishinda kwenye mizinga ya nyuki nyuma ya shule, pamoja na Mzee Lugembe, mfugaji nyuki wa Itetemia aliyekuja kuwafundisha wanafunzi kazi hiyo. Siku moja alizama katika kazi hata akasahau chakula cha mchana. Basi Ruaa akaandika kwa herufi kubwa: "Madam Advera is engaged to Mr Lugembe and his bees."

Dionis aliisoma sentensi ile mara mbili. Alimkumbusha kwamba mwalimu aliandika "engaged in," wala si "engaged to," akashauri waende wakamuulize mwalimu mwingine, kwa kuwa Mwalimu Advera siku hiyo alikuwa kwenye semina.

"'In' maana yake ndani," Ruaa alisema. "Mwalimu atakuwaje ndani ya Mzee Lugembe? Andika tu, Dionis. Mhariri ni mimi."

Dionis akaandika. Kufikia saa nne, walimu wawili walikuwa wamesimama mbele ya ubao wakicheka chinichini, na mpishi wa shule alikuwa anauliza harusi itafanyika lini. Ruaa alidhani wanaifurahia kazi yake. Hakujua kuwa kijana mmoja wa sekondari, aliyepita pale kumchukua mdogo wake, aliisoma habari ile na kuifikisha Itetemia kabla jua halijazama.

Jumatatu, Ruaa alikuwa ofisini akipeleka madaftari ya darasa, mara akaingia mama mmoja mtu mzima, amejifunga khanga vizuri. Aliitikia shikamoo ya Ruaa kwa upole. Mwalimu Advera, ambaye hakuwa ameuona ubao, alimkaribisha na kumpa kiti.

"Mimi ni Sikuzani, mke wa Lugembe," mama yule alisema. "Nimekuja kumsalimia mke mwenzangu. Miaka thelathini na moja nimeishi na Lugembe, sikuambiwa kama tunaongezewa mtu; nimesikia tu kwamba imeandikwa kwenye ubao wenu."

Mwalimu mkuu, Mwalimu Hilari, aliyekuwa humo ofisini, alitoka nje, akarudi na ile karatasi mkononi. Aliutambua mwandiko mara moja, akaagiza Dionis aitwe.

Dionis alipoulizwa, alijibu kuwa mwandiko ni wake. Mwalimu Hilari alimwambia kwa ukali kwamba kuwazushia watu wazima uchumba si mchezo. Angeondolewa kwenye klabu, na kesho angekuja na mzazi. Dionis aliinamisha kichwa bila kumtaja mtu.

Hapo ndipo Ruaa alipoelewa maana ile nyingine ya "engaged." Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Angeweza kuweka madaftari mezani na kwenda zake. Lakini alimwona Dionis anavyopepesa macho ili asilie, na miguu ikakataa kuondoka.

"Mwandiko ni wake, Mwalimu, lakini maneno ni yangu," alisema. "Aliniambia tuulize, nikakataa. Nilitaka kusema kuwa Mwalimu anashughulika sana na nyuki."

Bi Sikuzani aliomba atafsiriwe sentensi yote, neno kwa neno. Mwalimu Advera akamwambia: amechumbiwa na Bwana Lugembe na nyuki wake. Bi Sikuzani akaanza kucheka mpaka khanga ikamteleza begani.

"Kama na nyuki wamechumbia, binti huyu ana wachumba maelfu," alisema akifuta machozi. "Basi mimi naomba aniachie wangu huyo mmoja."

Ofisi nzima ikacheka, na Mwalimu Hilari akamtaka Dionis radhi mbele ya wote. Ruaa alimwomba msamaha Bi Sikuzani, halafu Mwalimu Advera, halafu Dionis, na huyo wa mwisho ndiye aliyemwia vigumu zaidi. Mchana uleule walibandika karatasi mpya iliyosema kuwa Mwalimu Advera ni "engaged in beekeeping," yaani anashughulika na ufugaji nyuki, na kwamba habari ya kwanza ilikuwa kosa la mhariri. Jina la mhariri Ruaa aliliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Mwalimu Advera aliisoma, akawaita wote wawili.

"Kutolijua neno si kosa, Ruaa," alisema. "Hata mimi yapo ninayoyaulizia mpaka leo. Ulikosea pale mwenzako alipokuambia muulize, nawe ukamjibu kwa cheo. Lakini leo umesema kweli wakati kunyamaza kulikuwa rahisi, na hilo limemwokoa Dionis. Asiyeona haya kukiri hataona haya kuuliza, na mtu wa namna hiyo hatachelewa kujua."