Vidonge vya Kopo la Vifungo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kasuku alifagia nyuzi chini ya cherehani ya mama yake na kuokota pini zilizodondoka. Jina hilo alibandikwa na majirani, maana binti huyo alikuwa hafungi mdomo. Lakini tangu uso wake uanze kuvimba kila anapoamka, na mkojo wake kutoa povu kama la sabuni, maneno yalimpungua.

Daktari alisema figo zake zina tatizo, ila hajui ni tatizo gani hasa. Alitaka kuchukua kipande kidogo cha figo moja akakipime. Hapo ndipo kichwa cha Kasuku kilipovurugika.

"Hawatoi kipande hao," rafiki yake wa dawati moja alimnong'oneza. "Wanang'oa figo nzima!"

"Ni kasindano tu, kama ka chanjo," bibi yake alisema.

Kasuku hakujua ashike lipi, aache lipi. Usiku usingizi ulimpaa, na mchana kichwa kikamgonga. Mama yake alifungua kopo la vifungo. Humo, katikati ya vifungo vya mashati, ndimo alimoweka vidonge vya maumivu, kwa kuwa mgongo wa fundi cherehani haukosi kulalamika.

"Meza viwili, mwanangu, upumzike."

Siku zilizofuata akammezesha tena, kila kichwa kilipouma.

Siku ya kipimo ilipofika, mama alifunga kibanda chake, akaacha sare za shule zikiwa nusu. Njiani alimwonya, "Leo, Kasuku, wakubwa wakizungumza wewe kimya. Kitanda cha hospitali tumekisubiri sana. Usije ukanitia aibu."

Wodini muuguzi aliuliza, "Mama, mtoto ametumia dawa yoyote wiki hii? Hata ya kununua dukani?"

"Hapana, dada. Hajatumia dawa yoyote."

Kasuku alimkodolea macho mama yake. Mama alikuwa ametulia kabisa, wala hakuwa na sura ya mtu anayedanganya. Basi vile vya kwenye kopo ni nini? Labda dawa ni ile anayoandika daktari tu, na vile ni vitu vya nyumbani kama mkasi na uzi. Au mama amesahau? Akisema, mama ataaibika na huenda wakarudishwa nyumbani. Asiposema, je? Alitamani mtu amjibu, lakini alikuwa ameambiwa anyamaze, akanyamaza.

Alilazwa kifudifudi. Daktari akapitisha mashine ya picha mgongoni mwake na kumwonyesha figo kwenye kioo.

"Mtaing'oa?" Kasuku aliuliza.

"Nani kakwambia hayo? Nachukua kipande chembamba kama uzi. Nitakuchoma ganzi kwanza. Utasikia mlio, ta! Basi."

"Ni kama ninavyokata kijipande kwenye pindo nikatafute uzi wa rangi ileile," mama alidakia. "Nguo inabaki nguo."

"Umesema vyema, mama. Ila figo ina damu nyingi, kwa hiyo lazima damu iweze kuganda haraka. Ndiyo maana tunauliza habari za dawa. Kuna vidonge vya maumivu vinavyoizuia isigande."

Kasuku aliinua kichwa.

"Daktari, subiri! Vya kwenye kopo la vifungo navyo ni dawa?"

Mama alitazama chini, kisha akafungua mkoba wake polepole na kutoa karatasi ya vidonge iliyobaki nusu, aliyoibeba kwa ajili ya mgongo wake. "Sikujua hivi navyo vinahesabika," alisema. Daktari aliisoma, akaiweka sindano mezani.

"Ni vyenyewe hivi. Vinaweza kumfanya avuje damu, tena vinaziumiza figo zilizokwisha kuugua. Leo hatufanyi. Aviache kabisa, mrudi baada ya wiki."

Njia nzima mama alitangulia kwa hatua za haraka. Kasuku alitembea nyuma yake, asijue kama ametenda jema au amewaharibia kila kitu. Alilia kimyakimya.

Wiki iliyofuata kipimo kilifanyika. Ganzi ilimchoma kidogo, akaambiwa azuie pumzi, akasikia ule mlio. Kisha alilala chali saa nyingi huku muuguzi akimpima presha na kuangalia kama mkojo wake una damu. Alikatazwa kukimbia na kubeba ndoo mpaka daktari aruhusu.

Majibu yalipotoka, ugonjwa ulijulikana, na dawa yake ilikuwepo. Uso wa Kasuku ukaanza kupungua uvimbe.

Siku ya kurudi kliniki, muuguzi yuleyule aliuliza swali lake lilelile. Mama alimsukuma binti yake mbele taratibu.

"Muulize mwenyewe, dada. Huyu ndiye anayejua."

Kasuku alitaja kila alichomeza, hata maji ya tangawizi ya bibi. Walipotoka nje, mama alimshika bega.

"Nilikosea kukufunga mdomo, mwanangu. Mgonjwa hana siri kwa anayemtibu. Ukiulizwa, sema yote, hata ikiwa mama yako ataona haya. Aibu yangu ilipita siku ileile, lakini wewe ningekupata wapi tena?"

Kasuku akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka walipofika nyumbani. Mama hakumkatiza hata mara moja.