Kipande cha Pembe cha Gavina

Akriliki haina harufu ya pembe. Gavina alilijua hilo vizuri, maana miaka yote alikuwa akipiga tupa mipini ya visu vya kukunja, na plastiki ile ngumu, angavu kama kioo, ikikwanguliwa hunuka kama rangi ya kucha. Lakini asubuhi hiyo karakana yake katika mji wa visu wa Pattada ilinuka pembe iliyoungua, na nyuma ya harufu hiyo, manyoya ya kondoo yaliyoloa.

"Baba, unasikia harufu hiyo?"

Mzee Bainzu alikuwa dirishani akinoa makali. "Nasikia aibu tu. Babu yako angeona kisu cha Pattada kimevishwa plastiki, angekukata masikio nacho!"

Akacheka. Kicheko kikakatikia katikati. Mdomo ulibaki wazi, wala sauti haikutoka.

Kisu chenyewe kilikuwa kizuri. Ndani ya akriliki ya mpini Gavina alikuwa amefungia kipande chembamba cha pembe ya kondoo dume, na jana jioni tu alikiziba pande zote kwa gundi. Sasa alikikunja kisu ili amshughulikie baba yake. Kilipolia *tak*, mzee akashika kifua.

Gavina hakungoja zaidi. Alikimbia kumwita Bi Mallena, mganga wa mtaa wa juu, ambaye alidondosha punje za ngano katika glasi ya maji. Punje zote zikasimama wima, ishara ya roho iliyo karibu, naye akakigeukia kile kisu.

"Pembe uliitoa wapi?"

"Zizi la marehemu Larentu, yule mchungaji. Limeachwa tu, Bi."

"Zizini wapi?"

Gavina akainamisha kichwa. "Juu ya mlango."

"Ole wako, binti! Pembe ya mlangoni huangushwa na upepo, haishushwi na mtu. Mtoto wa chekechea analijua hilo!"

"Nilidhani ni maneno ya wazee."

"Roho inayolinda zizi inaishi mle ndani ya pembe. Pembe inapitisha pumzi. Hiyo plastiki yako inapitisha?"

"Haipitishi."

"Basi inavuta pumzi kutoka kwa baba yako."

Midomo ya mzee ilikuwa imegeuka bluu. Gavina alikibana kisu katika jiriwa na kukipiga nyundo, na akriliki haikuvunjika, akapiga tena, na ndani ya mpini kitu kikapiga pia, kwato juu ya ubao, upesi kuliko mkono wake, huku ile harufu ya manyoya ikijaa kooni na Bi Mallena akinong'ona maneno yake bila kupumzika, mpaka ufa mmoja mweupe ukapita katika akriliki toka ncha hadi ncha, na pumzi ndefu, ya moto, ikatoka na kumpita shavuni, kuelekea kwa baba yake.

Mzee Bainzu akavuta hewa. Rangi ikamrudia usoni.

"Baba!" Gavina alimkumbatia akilia. "Baba, sema kitu."

Mzee akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Nani kaacha mlango wazi?" aliuliza, kwa sauti nzito, ya mtu aliyelala nje maisha yake yote. Kisha yeye, fundi visu ambaye hajawahi kuchunga hata mbuzi, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mbinja.

Barabarani kundi la kondoo lilikuwa likiteremka kwenda malishoni. Kengele zake zikanyamaza zote kwa pamoja. Kisha zikaanza kulia tena, zikipanda, zikija mlangoni.