Kilele Kisichokuwa Kitabuni

Walikutana kwenye foleni ya vifurushi uwanja wa ndege, watu wamebanana, kila mmoja na haraka zake. Dada mmoja mwenye gauni la kijani alikuwa amekumbatia sanduku kana kwamba limelala usingizi.

"Kaka, hiki ni kioo cha kuchujia miale ya eksirei. Ukinisukuma utanijua."

"Si ndicho ninachotaka, kukujua?" akamjibu kijana aliyekuwa nyuma yake.

Kumbe maabara yao ni moja. Yeye ni mkemia mgeni ghorofa ya juu, bibie ni mhandisi wa mashine ya eksirei kule chini. Penzi halikukawia kukolea. Kila mchana mkemia alishuka kumtazama tu akifanya kazi, koti jeupe, nywele kazifunga kitambaa cha njano, akiubembeleza mwale mpaka unyooke. Mwanamke anaijua kazi yake, jamani, mpaka raha.

Siku moja kwenye grafu ya dawa aliyokuwa akiichunguza mkemia kwa mashine hiyo kikachomoza kilele ambacho hakuna kitabu kinachokijua. Akampigia bibie simu mbio.

"Laazizi, nimegundua fuwele mpya, punje za dawa zenye umbo ambalo halijawahi kuonekana. Kesho naitangaza mbele ya wakuu wote."

"Ulianza kwa kupima chumvi?"

"Chumvi ya nini tena?"

"Grafu ya chumvi tunaijua, mpenzi, ndiyo maana tunaanza nayo. Mrija wa mashine umezeeka, unatoa na miale isiyotakiwa. Kile kioo cha kuichuja bado sijakifunga. Hicho kilele huenda ni cha mashine, si cha dawa yako."

"Sema tu unanionea wivu."

Akakata simu. Ilipoita tena, akaitazama tu mpaka ikanyamaza. Lakini neno la bibie lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jioni akashuka peke yake, akapima chumvi. Kilele kilekile kikachomoza. Chumvi ya watu nayo eti ina fuwele mpya ya dawa? Akakaa kitako.

Asubuhi alimkuta bibie ameinama kwenye mashine, anamalizia kufunga kioo. Hakumwitikia salamu. Alipima chumvi upya, na pale penye kilele mstari ukalala kama shuka lililopigwa pasi. Mkemia hakuwahi kuona kitu kizuri vile, isipokuwa mikono iliyokifanya.

"Nisamehe. Nilikukosea sana."

"Nenda mkutanoni, utachelewa," bibie alisema bila kumtazama.

Mkutano ulipokwisha, mkemia alimpigia simu kutoka koridoni, jasho linamtoka ndani ya suti.

"Nimewaambia fuwele yangu haipo."

"Wakasemaje?"

"Mkuu kauliza nani aliyeniokoa na aibu. Nikamwambia mke wangu."

"Mke wako ni nani?"

"Ndicho ninachopiga simu kuuliza."

Alimsikia akivuta pumzi, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Njoo uniulize ana kwa ana," bibie alisema. "Na upite ngazi, lifti inachelewa."