Leo Hatujazaliwa

Makofi yalizidi. Ndivyo ilivyoanza: makofi yalizidi kama chumvi inavyozidi kwenye mchuzi, unaonja, unanyamaza, unatazama nani mwingine kaisikia.

Shinwar, mhudumu mkubwa wa mkahawa wa Zarshad hapa Peshawar, alikuwa na sauti ambayo paka wa mtaa walishaihama. Kazi yake aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kugonga sinia kwa kijiko na kuwaimbia waliozaliwa. Sharti la Zarshad lilikuwa moja tu. Onyesha kitambulisho, tarehe ikiwa ya leo, unakula bure: kebabu pana kama kandambili, wali wa zabibu, na keki yenye mshumaa mmoja. Mkahawa mzima unaimba, mshumaa unazimwa, makofi yanakoma, watu wanarudi kwenye nyama.

Lakini mchana ule watu walikoma, na kwenye meza ya pembeni isiyokuwa na mtu viganja viwili viliendelea. Pa. Pa. Pa. Vidogo, vya kubahatisha, kama vya mtoto anayechelewa kuelewa kwamba mchezo umekwisha.

"Nani huyo anayenipenda hivyo?" Shinwar akauliza.

Watu wakacheka. Yeye alicheka wa mwisho, na hakucheka sana.

Sasa, chakula kile cha bure hakikutokana na ujanja wa biashara. Zarshad na mkewe Bakhtmina walikuwa na mtoto mmoja, Nazdana. Alikufa kwa homa mkesha wa kutimiza miaka saba, na keki ilikuwa imeshaagizwa. Ikaletwa kesho yake, ya pinki, jina limeandikwa juu kwa sukari, wanawake wamejaa sebuleni wanalia. Nani aile? Nani aitupe? Bakhtmina akaibeba mwenyewe, akashuka nayo mkahawani, akauliza, "Kuna mtu humu amezaliwa leo?" Dereva mmoja wa lori akainua mkono. Tangu siku hiyo kila aliyezaliwa akala.

Na mchana ule wa makofi ulikuwa wa tarehe ileile. Mwenye siku alikuwa mwanafunzi mmoja, mdomo umejaa kebabu. Shinwar akapaza sauti, "Jina la mwenye siku!" Kijana akatafuna. Bakhtmina, aliyeketi kwenye meza ya malipo macho yako dirishani, akajibu kwa niaba yake bila kujua kwamba amejibu.

"Nazdana."

Na watu, ambao walijali keki kuliko jina, wakamwimbia Nazdana.

Kwetu mgeni akishaitwa kwa jina mezani hafukuzwi, hata awe amemuua ndugu yako. Wanadamu tunalijua hilo. Kumbe na wengine wanalijua.

Ikaja harufu kwanza. Harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, jikoni, kwenye mtungi wa maji, kwenye ndevu za Zarshad alipoinama kusali. Kisha, wimbo uliofuata ulipokwisha, akaonekana, ila kwa baba na mama tu: yuko kwenye meza ya pembeni, misuko miwili, pengo mbele, amevaa gauni la kijani alilokuwa ameshonewa kwa siku yake, ambalo wote wawili walijua limekunjwa sandukuni ghorofani.

"Mama," akasema, "wameniimbia."

Zarshad aliangusha birika. Bakhtmina hakuangusha kitu. Alivuta kiti akakaa karibu naye, kama mtu aliyekuwa akimngoja mwanawe atoke shule.

Kila wimbo ulimwongezea mwaka. Akaimbiwa muuguzi, Nazdana akawa na miaka minane. Wakaimbiwa mapacha wa muuza simu, akawa na kumi. Pengo likaziba. Bakhtmina akawa anashusha pindo la gauni jioni, anaimba puani, anaongea na meza tupu hadi wateja wakahamia upande wa pili. Shinwar, ambaye hakuona mtu, alisikia makofi tu, na makofi nayo yalikuwa yanakomaa.

"Kaka," akamnong'oneza Zarshad jikoni, "mimi si mwoga. Unanijua. Lakini huyo anayepiga makofi pale ana bangili sasa. Nazisikia."

Ni kweli. Bakhtmina alikuwa amemvisha za arusi yake mwenyewe.

Zarshad naye, Mungu amsamehe, alifurahi. Alijua, na alifurahi. Baba gani angekimbia? Hadi asubuhi moja alipomwona mkewe kwenye mwanga wa mlango, na nywele zake, zilizokuwa nyeusi kama sufuria letu la wali, zilikuwa nyeupe; na alipomwita akageuka, akatabasamu, na meno mawili ya mbele hayakuwepo, na mikono iliyoshika ufagio ilikuwa imekunjamana mishipa nje kama mikono ya mama yake mzazi siku walipomzika.

"Bakhtmina! Umefanyaje?"

"Shusha sauti, atasikia."

"Una miaka thelathini na sita, mwanamke! Nakutazama naona bibi yangu!"

"Basi nisalimie kwa heshima." Akacheka kwa pengo. Kisha hakucheka. "Unadhani sijui? Kila wimbo unatoka hapa," akajigusa kifuani, "unaingia pale. Nilikuwa na miaka mingi ya bure, Zarshad. Nilikuwa siitumii."

Zarshad alimwendea Mulla Jandad, mtoa majini, ambaye zamani alikuwa mchora malori na bado alikuwa na rangi kwenye kucha. Mulla akaja, akala sahani tatu kwanza, akisema pepo halisomwi kwa njaa. Kisha akatazama meza ya pembeni kwa muda mrefu, na ile sahani ya nne akaisukuma mbali.

"Mwanao yuko kwa Mola wake, hana shida," akasema polepole. "Huyu ni jini lililosikia jina likiitwa na hakuna wa kuitika. Mmeliita mezani. Siwezi kufukuza mgeni wenu."

"Niache kuimba basi?"

"Ukiacha, litamla mama bila wimbo. Kwa sasa linalishwa siku za kweli. Siku ya kweli ina mwaka ndani." Akajikuna kwa kucha ya bluu. "Ila aliyekula kilichooza hutapika na kizima. Tafuta siku za uongo."

"Nitazitoa wapi siku za uongo?"

Mulla Jandad akatoa kitambulisho chake, akakiweka mezani. Zarshad akasoma tarehe: moja Januari. Akajikuta anacheka, na machozi yanamtoka.

Maana nani katika watu wazima wa kwetu anayo siku yake? Hawa vijana wa juzi wamezaliwa hospitalini na karatasi. Sisi mama zetu walikumbuka kwamba ilikuwa mwaka wa mafuriko, mahindi bado mabichi. Mwalimu wa shule akauliza, akachoka, akaliandikia darasa zima tarehe moja Januari. Nusu ya jimbo ilizaliwa asubuhi moja na kalamu moja. Ndiyo maana kila mwaka siku hiyo Zarshad alifunga mlango na kutundika kibao: LEO HATUJAZALIWA. Angefungua, wangemla hadi matofali.

Mwaka ule hakukitundika kibao.

Mvua ilinyesha, na watu walishazoea mlango uliofungwa, hakuna aliyekuja. "Kaka umerukwa na akili," Shinwar alisema, lakini akaenda barabarani na sinia kichwani akiwavuta waliokuwepo: "Wewe mzee, umezaliwa lini? Usinidanganye, uso huo ni wa Januari!" Wakaingia madereva, wakaingia polisi wawili, akaingia muuza mbuzi pamoja na mbuzi.

Nazdana alikuwa pembeni na mama yake, binti wa miaka kumi na tisa, mrefu, mzuri, macho ya baba yake. Wimbo wa kwanza ukaisha. Akawa wa kumi na minane.

Bakhtmina hakuelewa. Wa pili ukaisha, wa tatu, bangili zikaanza kulegea, na ndipo alipoelewa, akasimama akapiga kelele, "Nyamazeni! Nyamazeni, nawaomba!" na wale watu wema, matumbo yameshiba, wakadhani bibi kizee anashangilia, wakaongeza makofi, na Zarshad akaendelea kupeleka keki meza hadi meza bila kuinua macho, kwa sababu angeinua angeacha, na kila mshumaa uliozimwa harufu ilizidi hadi watu wakakohoa, na bangili zikaanguka moja moja sakafuni zikibingirika chini ya viti, na Bakhtmina akamvuta mtoto kifuani akamziba masikio kwa viganja vyake vyote viwili, kana kwamba ni kelele tu, kana kwamba asiposikia hatapungua, na pengo likarudi, na misuko ikawa mifupi, na gauni la kijani likawa kubwa, likawa shuka, na yule mtoto akasema, "Mama, mbona wananiimbia vibaya?"

Kisha hakujua tena kusema.

Jioni Shinwar naye alishaimbiwa, Mulla naye. Barabara ilikuwa tupu. Mikononi mwa Bakhtmina alibaki kichanga wa mwaka mmoja, anapiga makofi. Pa. Pa.

"Ishia hapa," Bakhtmina akanong'ona. Uso wake ulikuwa umerudi karibu wote. "Zarshad, baba Nazdana. Huyu ni mdogo. Atakula kidogo tu."

"Atakua, Bakhtmina."

"Akue! Nani alikwambia mtoto asikue?"

Zarshad alikitoa kitambulisho chake mfukoni. Mama yake alimwambia alizaliwa siku nyumbu wao wa mizigo alipopotea. Mwalimu hakuandika nyumbu. Akakaa kwenye kiti cha mteja, mbele ya keki ya mwisho, na Shinwar akaimba, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, lini sijui, aliimba chini chini.

Zarshad alimtazama mtoto. Mtoto akamcheka. Baba akauzima mshumaa.

Makofi yakakoma yote kwa pamoja. Hakuna kilichozidi.

Bakhtmina alikaa na gauni la kijani mapajani. Nywele nyeusi, meno yote, mikono laini. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, afya tele, mbele yake njia ndefu. Shinwar akaokota bangili. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Umenirudishia yote," akasema hatimaye. Alijipapasa uso kama anapapasa mzigo asioujua ni wa nani. "Sasa niambie, Zarshad. Miaka yote hii niiweke wapi?"

Zarshad alitoka nje mvuani, akakitundika kile kibao, na mpaka leo hajakitoa.