Aliyeitika Kwanza

Kabla msitu haujamchukulia sauti yake, Faustin Hakorimana alikuwa na kasoro moja tu: ukimwita, anangoja. Si kwamba hasikii. Masikio alikuwa nayo, tena mapana kama majani ya magimbi. Lakini ita "Hakorimana!" uone: atakukodolea macho kama mbuzi aliyeulizwa swali la katekisimu, mpaka uite tena, ndipo aitike.

Mama yake, Elisabeth Nyiraneza, ndiye aliyemlea hivyo, pale kwenye mlima wao wa Masisi. "Mutoto yangu, muntu anaita mara mbili," alimwambia tangu akiwa mgongoni. "Kile chenye hakiko muntu kinaita mara moja tu, juu hakina pumzi ya pili. Ukiitika ya kwanza, umekipa sauti yako." Wafanyabiashara wa Sake wangesema jini, wazee wa milimani wangesema muzimu. Chenyewe hakijawahi kujitambulisha kwa mtu.

Sasa mpeleke mtoto wa namna hiyo sekondari, mwaka wa 1968, umsimamishe mbele ya Mwalimu Floribert! Mwalimu huyo alikuwa ameanzisha Masomo ya Nje: kulala hemani, kusoma dira, kuwasha moto kwa kuni mbichi, kuvuka mto kwa kamba. Atakayewashinda wote angevishwa fulari ya kijani shingoni, mbele ya wazazi, na Faustin aliitamani fulari ile kuliko nyama ya Pasaka. Shida ni kwamba Mwalimu aliita jina mara moja tu, na papo hapo alitaka "Prezan!", Kifaransa cha "nipo". "Porini, anayechelewa kuitika amekwisha kuliwa!"

Mwaka wa kwanza Faustin alingoja kuitwa tena. Akafutwa kwenye orodha. Mwaka wa pili, akafutwa. Kijana anapasua kuni kama shoka lenyewe, anapanda mlima na gunia kichwani, halafu anafutwa kwa sababu ya neno moja! Akabaki nyumbani kuchambua maharagwe, huku rafiki yake Isidore, ambaye hata kiberiti kilimshinda, akiondoka akiimba juu ya kamio, lori la shule.

"Uko na kichwa nguvu, kaka," Isidore alimwambia. "Sema tu 'prezan'! Iko neno moja. Inakuuma wapi?"

Mwaka wa tatu hasira zikamjaa. Akaanza mazoezi nyuma ya choo cha shule: Isidore anaita, yeye anafyatua "Prezan!" Anaita, anafyatua. Ikafika mahali anaitika hata jina likiwa bado nusu mdomoni mwa mtu. Padri alimwita jina lake katika ungamo, akapigiwa "Prezan!" hadi walio nje wakacheka. Faustin akachaguliwa. Mama yake hakuambiwa kuhusu mazoezi hayo. Nani angethubutu?

Kambi ilikuwa upande wa Walikale, si mbali na Buleusa, pale milima inapochoka na msitu unapoanza. Humo hata adhuhuri ni jioni. Siku moja mchana, Faustin akiwa peke yake anaokota kuni, ukungu ulishuka, na ndege wakanyamaza wote pamoja, kama darasa mkaguzi akiingia. Ikaja harufu ya makaa yaliyomwagiwa maji.

"Hakorimana!"

Sauti ya Mwalimu, nyuma tu ya mti.

"Prezan!" Aliifyatua kwa raha, visigino vikagongana.

Akauzunguka mti. Hakuna mtu. Kisha ukungu ukafunguka kidogo, akamwona Mwalimu kule chini kabisa, mtoni, maji yamemfika kiunoni, anamgombeza Isidore kwa ajili ya kamba.

Jua lilipoinama Mwalimu aliwapanga mstari. "Hakorimana!"

Faustin alifungua kinywa. Kabla ulimi haujasogea, sauti yake mwenyewe ilisema "Prezan!" kutoka nyuma ya sikio lake la kushoto, safi, kavu, na ile harufu ya makaa ikampita shingoni.

"Njo vile!" Mwalimu akafurahi. "Sikieni mwenzenu!"

"Hapana, Mwalimu, si mimi," Faustin alisema, ama alidhani amesema. Pumzi tu ilitoka, kama ya mpira wa mguu uliotoboka. Akajaribu tena. Pumzi.

Tangu hapo alichelewa kwa kila jambo. Wakigawa ugali na kuita jina lake, sauti inaitika nyuma, sahani inapelekwa nyuma, naye anabaki na mikono mitupu, anapunga, anakanyaga miguu, analia kwa hasira bila mlio, na wenzake wanamwambia asiwe mlafi, amekwisha kula. Usingizini alimsikia Faustin mwingine akicheka na wenzake nje ya hema, tena akisimulia vichekesho vyake yeye, na kuvisimulia vizuri zaidi.

Siku ya kurudi Isidore alimsogelea. "Kaka, nilikuacha sasa hivi ku mto, unakunja kamba. Nimetembea moja kwa moja. Ulinipita wapi?" Faustin akamwonyesha koo lake, akatikisa kichwa. Isidore akakodoa macho. "Basi... yule wa mtoni njo nani?" Na kutoka mtoni sauti ikaita "Isidore!" mara moja, na Isidore, mwanafunzi mzuri wa Mwalimu, akajibu "Prezan!" kabla hajafikiri, akakimbia kwenda huko.

Kamio iliwashusha Masisi asubuhi. Faustin alipanda njia ya kwao akikimbia, na kila alipokimbia alisikia nyayo nyingine mbele yake kwenye ukungu, zikijua kila jiwe la njia ile, zikiruka kila mfereji aliouruka tangu utotoni, mpaka alipoona shamba la maharagwe, na mgongo wa mama yake umeinama katikati ya shamba, na pale kwenye ua wa miti akasikia sauti yake, tamu, iliyochoka kwa safari, inayostahili kukumbatiwa, ikiita: "Mama!"

Jembe lilisimama hewani.

Nyiraneza hakugeuka. Alingoja. Majani ya maharagwe yalitikisika, yakakaribia, na hakukuwa na upepo.

Faustin alipanua kinywa hadi taya zikalia. Pumzi tu. Ndipo akaokota mawe mawili, akayagonganisha: ta! Halafu tena: ta!

Mama akageuka upesi. "Kuya, muntu wangu wa mara mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Kuya ndani. Usiangalie nyuma."

Alifunga mlango, akamsukutua kinywa kwa maji ya chumvi na majivu, akasali Salamu Maria, kisha akaita, "Faustin!" Kule shambani sauti ikafyatuka: "Prezan, Mama!" Akaita tena, "Faustin!" Shambani kimya, kitu kinahema. Na ndani ya nyumba, polepole, koo likikwaruza kama mlango wa zamani, mwanawe akasema, "Niko hapa, Mama."

Mama alimpiga kofi, kisha akamkumbatia. "Ya kwanza haiko yako tena, mutoto yangu. Uliiuza. Ya pili njo yako. Usiitike ya kwanza hata kama ni Askofu anaita."

Jumapili wazazi walijaa uwanjani. Mwalimu Floribert alisimama na fulari ya kijani mkononi. "Aliyewashinda wote, na atakayeongoza safari ijayo: Hakorimana!"

Loo, kungoja! Alichokitafuta miaka yote kilikuwa hatua chache mbele yake, na Mwalimu yule hajawahi kuita mara mbili maishani mwake. Neno lilimfika menoni. Mama yake, kwenye safu ya wazazi, alimkazia macho. Faustin aliuma ulimi hadi akaonja damu.

"Prezan!" ikasema sauti nyuma ya umati.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akampita Faustin bila kumwona, akaenda hadi nyuma, akarudi anatabasamu, mikono mitupu.

Kesho yake kamio ilikuwa tayari na wanafunzi wapya. Faustin alikimbia barabarani. "Shukeni!" aliita. "Shukeni!" Mara mbili, kama mtu. Isidore alichungulia kutoka nyuma ya kamio, akacheka, na sauti yake ikaitangulia midomo yake.

"Wivu, kaka? Kila mwaka unachelewa!"

Gari liliondoka. Na katika vumbi, kutoka juu ya kamio, Faustin alisikia sauti yake mwenyewe ikianza kusoma majina ya wenzake, kila jina mara moja tu, na wao wakiitika kama walivyofundishwa, mmoja baada ya mwingine, bila kuchelewa:

"Prezan!"

"Prezan!"

"Prezan!"